Kidole Kwenye Nta

Wiki iliyopita tulimwacha Apolinaria ameketi sakafuni, nyuma ya duka la steshenari la Moiz pale Tabora mjini, amekumbatia katriji kuukuu ya printa utadhani ameokota mtoto. Waliokosa gazeti niwaeleze upesi, maana gari linawaka na sina muda wa kupoteza.

Katriji ile ilikuja kutoka Igunga, ndani ya gunia la katriji zilizokwisha wino. Hiyo ndiyo kazi ya Apolinaria na shoga yake Recheli: wanazunguka maofisini na mashuleni, wanaziomba zile tupu kabla hazijatupwa jalalani, wanamletea Moiz, Moiz anazijaza wino wa unga na kuzirudisha kazini. Siku hizi hata miji ya jirani inatuma magunia yake.

Sasa sikia. Kila fundi akitaka kujaza katriji hutoboa tundu, akamimina unga, akaziba kwa gundi ya karatasi. Ni fundi mmoja tu Tabora nzima aliyekuwa akiziba kwa nta ya nyuki. Aliikandamiza kwa kidole gumba cha kulia, kile kilichokatwa na mnyororo wa baiskeli utotoni kikabaki na kovu la mshazari. Fundi huyo ni Emilian, mtoto wa pekee wa Apolinaria, aliyekuwa akifanya kazi kwa Moiz.

Kovu lilikuwa pale kwenye nta, wazi kabisa. Na nta yenyewe ilikuwa mpya, ina harufu ya asali.

Shida ni moja tu, msomaji wangu. Emilian amezikwa kwao Itetemia na mwaka wa pili huu unakwisha. Lori la pamba liliungua mbele ya Igunga, wakaleta mwili usiotambulika, chini yake kimesalia kipande cha koti la kazi la buluu lenye jina la duka la Moiz. Moiz mwenyewe ndiye aliyeitwa kulitazama. Akasema ndiyo, koti hili nilimshonea Emilian. Wakazika.

"Yuko hai," alisema Apolinaria pale sakafuni. Hapo ndipo tulipoachana.

"Mama, polepole," Moiz akamwambia. "Nta inakaa. Labda ni ya zamani."

"Nusa!"

Moiz alinusa. Akasogea dirishani, akanusa tena. Kisha akavuta droo akatoa ufunguo wa pikapu.

*

Recheli alikuja mbio kutoka Itetemia, kanga moja begani, chupa ya asali mkononi, anahema.

"Asali ya nini tena?" aliuliza Moiz.

"Ya Emilian. Nikimwona namzaba kofi kwanza, halafu nampa asali yake. Miaka yote hii napalilia kaburi la mtu nisiyemjua! Atanieleza."

Apolinaria alicheka. Ndiyo, alicheka, na Moiz aligeuka kumtazama kwa sababu alikuwa hajaisikia sauti ile tangu msiba. Mapajani alikuwa na shati jipya limekunjwa kwenye mfuko. Hakujua mwanawe kanenepa au kakonda, kwa hiyo alinunua kubwa.

Wakaondoka asubuhi hiyo hiyo, watatu mbele, gunia la katriji nyuma. Njia hiyo zamani ilipita misafara, wapagazi na pembe zao, watu waliofungwa minyororo wakielekea pwani, na mama wengi walisimama kando yake wakitazama upande walikopotelea watoto wao. Leo inapita mchele, pamba na mabasi. Historia nawaachia walimu. Mimi nina mama mmoja tu garini, na huyo ananitosha.

Walipopita Nzega Recheli alitoa simu, akabonyeza, akaweka sikioni. Wote walisikia yule mwanamke wa kampuni ya simu akisema mteja hapatikani kwa sasa.

"Deus wangu huyu," Recheli alisema, akairudisha simu kifuani. "Wameshamwibia simu huko Dar. Nilimpeleka stesheni mwenyewe, nikamwombea palepale mbele ya watu, nikamfungia karanga. Aliona aibu kweli! Tangu apande treni ile, mwaka wa pili sasa, hajaniambia hata nimefika mama."

"Atapiga," alisema Apolinaria.

"Atapiga. Mungu hawezi kufufua wako akasahau kunipigishia simu wangu. Hilo dogo."

Recheli ni Mmoravian, Apolinaria ni Mkatoliki, na Jumapili kila mmoja ana kanisa lake. Lakini jioni ya Jumapili wote wawili huenda kaburini Itetemia. Apolinaria hukaa tu. Recheli ndiye mwenye jembe, na ndiye anayeimba.

"Unakumbuka ulivyoniambia siku ile?" Apolinaria aliuliza ghafla.

"Siku gani?"

"Siku ya lori. Ulikuja ukaniambia, keti kwanza, mwenzangu."

"Sasa ningesemaje?"

"Ungeniacha nimesimama. Niliposikia keti kwanza, nilijua. Nilijua kabla sijakifikia kigoda."

Recheli alimshika mkono. "Basi leo hakuna kuketi. Leo unaruka ruka, na mimi napiga vigelegele mpaka Igunga waite polisi."

*

Igunga walifika jua limepanda. Moiz alisimamisha gari karibu na stendi, akashuka na ile katriji, akamwonyesha kijana wa bodaboda.

"Fundi anayeziba hivi, kwa nta, unamjua?"

"Ya nta?" Kijana hakufikiri hata kidogo. "Hiyo ni ya Mama Nta. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mlango wa kijani. Mayu, shikamoo," akawaamkia akina mama, akiwaita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba," alijibu Apolinaria. "Umesema mama nani?"

"Mama Nta."

"Hakuna mwanamume pale?"

Kijana alikuwa ameshapata abiria, akaondoka.

Apolinaria aliubana mfuko wa shati kifuani. Recheli aliona, akasema haraka, "Atakuwa mkwe wako huyo! Mtoto kaoa bila kutuambia. Makofi mawili sasa."

Walipofika kwenye mlango wa kijani Recheli alimsukuma mwenzake taratibu mgongoni. "Ingia peke yako. Mtu na mwanawe. Mimi nasubiri hapa na asali yangu. Nikisikia umelia kwa furaha, nainua vigelegele."

Moiz alibaki garini. Apolinaria akaingia.

*

Ndani kulikuwa na meza, balbu moja, na msichana aliyejifunga kitambaa puani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa unga wa wino. Mbele yake ilikuwa katriji imefunguliwa nusu. Na chumba kizima kilinukia asali.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Namtafuta fundi wa nta."

Msichana aliinua uso. Alimtazama Apolinaria macho, akamtazama pua, akateremsha kile kitambaa taratibu mpaka shingoni.

"Wewe ni Mama Emilian," alisema. "Mmefanana."

"Yuko wapi?"

"Mimi naitwa Shamila. Mimi na yeye..."

"Mwanangu yuko wapi?"

Shamila alivuta kigoda kutoka chini ya meza, akakipangusa kwa kiganja.

"Keti kwanza, mama."

Apolinaria hakuketi. Alikitazama kile kigoda kama mtu anayetazama nyoka.

"Sema nimesimama."

"Amefariki, mama. Masika haya haya. Kifua kilimbana tangu kiangazi, tukahangaika naye hospitali, kikamshinda. Tumemzika Choma kwa wajomba zangu."

"Mwongo wewe!" Apolinaria aliitupa katriji mezani. "Nta hii mpya! Kidole hiki cha nani? Nimemzaa mimi, nimekifunga mimi kidole hiki siku kilipokatika. Mtu aliyekufa masika anawezaje kuminya nta juzi?"

Shamila alipanda juu ya ndoo, akashusha kutoka rafuni mkebe wa majani ya chai, akaufungua chini ya balbu.

Ndani kulikuwa na vizibo vya nta, vidogo, vya duara, vimepangwa juu ya kitambaa kilicholowa maji visiyeyuke. Kila kimoja kilikuwa na alama ya kidole gumba. Kila alama ilikuwa na kovu la mshazari.

"Alipokosa nguvu ya kukaa mezani," alisema Shamila, "aliniomba nta nimpelekee kitandani. Akawa anaminya tu, anaminya na kupanga. Mkebe ulijaa mpaka juu. Akaniambia, ukijaza katriji ziba na hivi, wateja wasijue kama nimelala. Mimi navitia tu kwenye tundu, nachoma pembeni kidogo vishike."

Vilikuwa vimebaki vichache, vimefunika sehemu ya chini tu ya mkebe.

"Kila nikiziba moja naona kama namtoa nje," Shamila alisema. "Nikajaribu kuziba kwa kidole changu. Nikashindwa."

Apolinaria alichukua kizibo kimoja. Akaweka kidole gumba chake kwenye lile shimo dogo, pale palipokuwa cha mwanawe. Aliketi bila kutaka, chini kwenye unga mweusi, na mfuko wa shati ukamwangukia mapajani.

Wako watu wanaofiwa na mtoto mara moja. Huyu alifiwa na mtoto yule yule mara mbili, na hii ya pili ilimuumiza zaidi kuliko ya kwanza kwa sababu asubuhi ile alikuwa amecheka. Alilia bila sauti, mdomo wazi. Shamila alishuka akakaa naye palepale sakafuni, na unga ukawapaka wote wawili.

"Alizikwa na padri?" Apolinaria aliuliza hatimaye.

"Na katekista. Nilimwita mimi. Wajomba zangu Waislamu, walinuna, lakini nikawaambia mtu ana dini yake."

"Ahsante, mwanangu." Akajifuta kwa ukosi wa gauni. "Mbona hukuniambia? Masika yote hayo."

"Aliniapisha nisiseme. Alitaka kuja kukwambia mwenyewe, kila mwezi anasema mwezi ujao. Akafa nimeapa. Kwa hiyo sikusema neno, mama. Ile katriji niliitia kwenye gunia la Tabora kwa makusudi. Nilituma kidole."

Apolinaria aliitikia kwa kichwa. Halafu likamjia swali ambalo msomaji wangu umeshalishika tangu mwanzo, nawe unanilaumu kwa kukuchelewesha.

"Lakini kwa nini hakuja? Alikuwa hai, mzima, hapa karibu. Mimi nalia juu ya kaburi. Nilimkosea nini?"

"Hukumkosea wewe." Shamila alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Ni kwa sababu ya yule aliyezikwa."

"Nani?"

"Walipanda lori wawili. Emilian alishuka hapa Igunga, mwenzake alikuwa anaendelea mbele, juu ya marobota ya pamba. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Emilian akavua koti lake akampa, akamwambia utanirudishia tukikutana. Lori halikufika mbali."

"Mwenzake nani?"

"Kijana wa kwenu hukohuko Itetemia. Ilikuwa asafiri kwa treni, akaikosa. Na mama yake alikuwa ameshamuaga na kuondoka, kamwombea stesheni mbele ya watu, kamfungia na karanga. Akaona atarudije nyumbani na mfuko wake wa karanga, majirani wamcheke, waseme safari ina kisirani? Akalala stendi. Kesho yake akakutana na Emilian, wakadandia lori."

Apolinaria alikuwa ameacha kulia. Mkono wake uliokuwa ukifuta machozi ulibaki hewani.

"Aliitwa Deus," alisema Shamila.

Nje, mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma. Juu ya ngurumo ile ilisikika sauti ya mwanamke anaimba polepole, wimbo wa kanisa, wimbo ule ule wa Jumapili jioni.

"Emilian alikimbilia kule asubuhi yake, akakuta mwili umeshapelekwa Tabora pamoja na kipande cha koti lake," Shamila aliendelea, hajui lolote. "Akapiga simu yako. Akapokea mama mwingine, analia, anasema Mama Emilian hawezi kuongea, amezimia, mimi ni jirani yake, mimi ni Mama Deus. Emilian akakata simu. Aliniambia, Shamila, ningemwambiaje yule mama? Ningemwambia acha kunililia mimi, mlilie wako?"

Apolinaria aliikumbuka siku ile. Watu wamejaa uani, Recheli ameshika simu ya mwenzake, anasema kuna mtu kapiga kisha kakata, watu wengine hawana hata adabu ya msiba.

"Mara moja alijikaza akaenda mpaka Itetemia. Jumapili. Akawaona wawili makaburini, wewe umekaa, yule mwingine anapalilia huku anaimba. Akasimama nyuma ya mkorosho akamsikiliza mpaka akamaliza. Akageuza akarudi. Toka siku hiyo hakuwa mzima tena, mama, hata kabla ya kifua." Shamila alimtazama. "Yule mama bado yupo?"

Kabla Apolinaria hajafungua mdomo, wimbo ulikatika huko nje.

"Mama Emilian!" Recheli aliita. "Mbona kimya? Nipige vigelegele au bado?"

*

Apolinaria alitoka ameshika mkebe. Recheli alikuwa ameshajiweka sawa, mkono mdomoni, ulimi tayari. Akauona uso wa mwenzake, na unga mweusi ulivyochirizika mashavuni. Mkono ukashuka.

"Hayupo?"

"Alikuwepo. Amekufa masika."

"Yesu wangu!" Recheli alimdaka. Alimkumbatia kwa nguvu zake zote, na yeye ndiye aliyelia kwa sauti sasa, akimlilia Emilian kwa jina, mpaka wakoboaji wakazima mashine wakavua kofia. Moiz alishuka garini, akasikia, akarudi akaegemea mlango wa pikapu na kufunika uso kwa viganja. Ndiye aliyesema koti ni lile.

"Nisikilize," Recheli alisema baada ya muda, akimpangusa Apolinaria uso kwa kanga yake. "Wewe huna mtoto, lakini mimi ninaye. Deus wangu akirudi atakuwa wako pia. Nakuapia mbele ya Mungu. Atakuchotea maji, atakuzika siku yako ikifika. Umenisikia?"

Apolinaria alisikia.

Recheli alivuta kamasi, akatazama chini, akawaza. Ni mwanamke wa kuwaza wengine hata kwenye kilio.

"Na yule mtoto wa watu tuliyemzika?" alisema. "Mama yake yuko wapi, maskini? Atakuwa kila siku anapiga simu, anaambiwa mteja hapatikani, anajipa moyo. Hajui hata kaburi. Tumtafute, mwenzangu. Mimi na wewe. Ningekuwa ni mimi, ningependa kuambiwa."

Alisema hivyo hivyo, kwa mdomo wake, na simu yake ilikuwa palepale kifuani.

Apolinaria alimtazama. Mlango wa kijani ulikuwa nyuma yake, na anayejua ni Shamila peke yake, tena Shamila hawezi kumtambua Recheli. Kama angenyamaza, Deus angeendelea kuishi Dar. Angekuwa na kazi huko, labda na mke, na simu iliyoibiwa. Recheli angeendelea kupalilia Jumapili na kuimba. Ni kimya tu kilichokuwa kinahitajika, na Emilian alikitunza kimya hicho mpaka kikamla.

Akaufunika mkebe, akaubana kwapani.

"Recheli."

"Abee."

"Keti kwanza, mwenzangu."

Recheli alianza kutabasamu, kama mtu anayefikiri anataniwa. Tabasamu halikufika mwisho. Aliukazia macho mkebe, kisha mlango wa kijani, kisha uso wa shoga yake.

Hakuketi. Aliiweka chupa ya asali chini, taratibu, akahakikisha imesimama vizuri isimwagike. Akaitoa simu kifuani akamkabidhi Apolinaria. Akajifunga kanga kiunoni, akageuka, akaanza kutembea kuelekea barabara ya Tabora, kwa miguu, katika jua lile.

Moiz alimpigia honi, akidhani amesahau gari liliposimama.